Ndege Hawajui Kuhesabu

Jioni ile nilikuwa natafuta betri ya kamera tu. Nilikuwa nimeiacha kwenye chaji karibu na cherehani ya mama, na nilipoingia kuichukua nikamkuta anafunga chai kwenye chupa. Kikombe kimoja kilikuwa tayari kikapuni.

"Mama, tuko wawili," nikamwambia.

"Kaka yako hakai," akajibu bila kunitazama. "Na simu iache hapa, baba. Ikilia itawatimua ndege wako."

Nikaiacha. Nani anabishana na mama yake juu ya simu?

Mimi kazi yangu ni picha za pasipoti. Kutwa nzima watu wananinunia mbele ya pazia la bluu. Starehe yangu ni ndege wadogo, hasa chozi, wale wa mdomo uliopinda wanaonyonya maua, dume akiwa anang'aa kijani na zambarau. Nyumbani walinicheka mpaka wakachoka. Aliyezidi ni shemeji, mke wa kaka. Alikuwa akipita uani akiburuza kandambili ya mguu wa kushoto, mguu uliovunjika utotoni ukaungwa vibaya, na lazima anichokoze. "Shemeji, utaoa lini? Au posa umepeleka kwa chozi, unasubiri majibu?"

Kisha shemeji akapotea.

Alikwenda na mama kwenye kitalu cha zamani cha miche, nje kidogo ya mji, kutafuta vipandikizi vya maua. Waliingia wawili, akatoka mama peke yake. Mama alisema aligeuza shingo tu, alipotazama tena hakuna mtu. Polisi walikuja, majirani wakapekua kila kichaka, haikupatikana hata hiyo kandambili. Kaka hakumlaumu mama kwa mdomo. Aliacha kula chakula chake, basi. Mama akipakua, yeye ameshiba. Alikuwa akinunua mkate dukani na kuula karakanani kwake, katikati ya maranda ya mbao, na mama akawa anakonda kuliko yeye. Ukaenda hivyo mwaka mzima.

Kwa hiyo kaka aliponiambia chozi amejenga kiota kitaluni, nilishtuka. Hakuwahi kulitaja lile eneo tena.

"Umekwenda kufanya nini kule?"

"Kutembea," akasema. "Kiota kiko chini, mdogo wangu. Unaweza kupiga picha ukiwa umekaa."

Akaniundia fremu ya kibanda cha kujifichia, kazi safi ya fundi seremala. Mama akakishonea kitambaa cha kijani, na tundu la lenzi akalizungushia mshono maradufu. Usiku ule kaka alikaa mezani akala chakula cha mama, akaongeza na cha pili. Mama alilia. Mimi nilifurahi kama mtoto, nikadhani kibanda changu kimewapatanisha.

Kumbe walikuwa wamepatana juu yangu.

Kazi yenyewe ina ujanja wake. Chozi akiona mtu anaingia kibandani, harudi kiotani. Atakaa mbali, anakutukana kwa kamlio kake kakali mpaka giza. Lakini mkiingia wawili, kisha mmoja akatoka na kwenda zake, anaamini kibanda ni kitupu. Ndege hawajui kuhesabu. Kaka ndiye aliyekuwa mtu wangu wa kutoka. Jioni kadhaa tuliingia pamoja, akatoka, na kila alipofika kwenye geti alisimama akageuka kutazama. Nilipomuuliza anatazama nini, alisema anaangalia kama wamedanganyika. Jua likizama alirudi kunichukua.

Jioni hiyo ya betri, kibandani kulikuwa na joto. "Lete koti nikushikie," kaka akasema. Nikampa. Halafu akanishika kichwa, kiganja kizima, kama alivyokuwa akinishika zamani akinivusha barabara kwenda shule.

"Usitoke mpaka nikuite," akanong'ona.

Akatoka.

Chozi jike alikuja mara moja, ana utando wa buibui mdomoni, anaziba kiota. Kacha. Dume akatua nyuma yake. Kacha, kacha. Sijawahi kupata picha kama zile. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Ghafla wakaruka wote.

Kimya... Hata majani yaliacha kuchakarika.

Ikaja harufu. Udongo uliotoka kumwagiwa maji. Kisha, ndani yake, mafuta ya nywele. Niliyajua yale mafuta. Yalikuwa yakikaa kwenye dirisha la bafu letu.

Nikahisi pumzi kwenye kisogo. Kibanda chenyewe hakitoshi watu wawili mpaka wabanane, na mimi nilikuwa nimekaa katikati.

"Shemeji... nipishe," sauti ya kike ikasema nyuma yangu.

Sikuweza kugeuka. Kitu kilinipita begani, kizito, cha baridi. Kitambaa kikainuka, kikaanguka. Jicho langu lilikuwa bado kwenye lenzi, na kwenye lenzi nilimwona kaka njiani, amelishika koti langu wazi kwa mikono miwili, kama unavyomshikia taulo mtoto anayetoka kuoga. Mtu akaingia ndani ya koti. Wakaanza kwenda getini polepole.

Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzwa.

Kidole changu kilibonyeza chenyewe. Kacha. Ndipo sauti ikanitoka.

"Kaka!"

Alisimama. Niliyaona mabega yake yakikakamaa, nikajua amesikia. Nikasubiri ageuke. Jioni zote zile alikuwa akigeuka.

Hakugeuka.

Nilikimbia hadi nyumbani. Taa ndiyo kwanza zinawashwa, watu wapo barabarani, na hakuna aliyenipisha wala kunikanyaga. Nikasimama mlangoni. Mezani kulikuwa na sahani tatu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti changu, na koti langu mwilini, ameinamisha kichwa. Kaka alikuwa anakula kwa pupa, machozi yanamchuruzika kwa furaha. Niliita. Nikagonga ukuta. Nikampigia kaka kelele sikioni, maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu aliyenizidi umri. Aliendelea kutafuna.

Nikazunguka hadi dirisha la jikoni. Mama alikuwa anaosha vyombo.

"Mama..."

Mikono yake ikatulia majini.

"Mama, ni mimi."

"Najua," akanong'ona. Bado hakunitazama. "Mimi ndiye niliyemwacha mke wake kule, na kitalu hakirudishi mtu bila kuachiwa mwingine. Kaka yako alikuwa anakufa mbele yangu, baba. Ningefanyaje?"

"Na mimi je? Mimi si mwanao?"

Alitoa mikono majini, maji yakadondoka kwenye vidole vyake.

"Nenda," akasema. "Watu wametimia."

Akalivuta dirisha. Alilifunga polepole, asinibane vidole.

Hapo ndipo kitu kikanikatika moyoni. Angelibamiza ningemsamehe.

Nikarudi kitaluni, maana sikuwa na pengine. Nimekaa tangu siku hiyo, na betri ile haijaisha chaji. Nimerudisha macho kwenye kioo cha kamera mara nyingi, nikiitazama picha ya mwisho. Kaka anaonekana vizuri, getini, mkono wake umezunguka bega la koti. Koti limesimama, limejaa. Lakini shingoni hakuna kichwa, na chini ya pindo hakuna miguu. Kuna majani makavu tu, yanainuka kutoka ardhini kuingia ndani.

Sijui walimpeleka nani nyumbani. Shemeji wa kweli nimemtafuta humu kila kona, nikimwita. Hajawahi kunijibu.

Chozi wamenizoea. Makinda wameshatoka na kuruka. Wazazi wanatua kwenye lenzi, wanatua kwenye goti. Leo dume ametua kidoleni mwangu, akajisafisha bawa, akalala. Maisha yangu yote nilitamani ndege asiniogope hata mara moja. Sasa naelewa kwa nini haniogopi, na ningetoa macho yote mawili aniogope tena.

Jua linaelekea kuzama. Kuna watu njiani. Nasikia hatua za wawili, na za mmoja zinaburuzwa.

"Kaa humu ndani, mama," sauti inasema, laini, na harufu ya udongo mbichi inatangulia. "Ukitulia utawaona. Mwanao alikuwa akiwapenda sana."

Kitambaa kinainuliwa. Mama anaingia akiinama, anakaa karibu nami mpaka kiwiko chake kinanigusa. Amezeeka. Anafunua kikapu magotini, anapapasa ndani yake.

"Mbona umeweka kikombe kimoja?" anauliza.

"Mimi sikai, mama."

Kitambaa kinashuka. Kandambili inaburuzwa kuelekea getini, haina haraka. Bado hajafika mbali. Mama akiinuka sasa hivi, atawahi. Na masikio yake yananisikia, nina hakika, alinisikia dirishani. Neno moja tu linatosha.

Chozi bado amelala kidoleni. Bado sijafungua mdomo.