Marahaba ya Koplo Maganga

Mzee Maganga wa Bugarama alikuwa na jibu moja kwa kila mtu: "Marahaba."

Kila asubuhi ya kiangazi alikaa uani, kisu mkononi, akikata viazi vitamu vipande vya kuanika viwe michembe. Mtoto akimwamkia, marahaba. Mzee mwenzake akimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Koplo," marahaba. Siku moja jirani alimpigia kelele, "Mbuzi wako wanamaliza mtama wangu!" Maganga akainua mkono kwa heshima zote. "Marahaba!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengine walisema mzee ana maringo ya kijeshi. Maringo gani! Maganga alikuwa hasikii.

Alitumika jeshini miaka ishirini na miwili, kwenye kikosi cha mizinga. Mzinga ukilia, masikio nayo hubaki yakilia nyiii, kama nyenje. Mwanzoni mlio ule ulikoma jioni. Baadaye haukukoma tena. Maganga hakusema, maana aliogopa kuambiwa hafai. Siku ya kupimwa kabla ya kustaafu, alivalishwa vifaa vya masikioni. Aliambiwa anyooshe mkono kila akisikia mlio. Yeye alikodolea macho kidole cha mpimaji. Kidole kikibonyeza kitufe cha mashine, mkono juu! Karatasi ikaandikwa: masikio mazima. Maganga akatoka pale anacheka peke yake.

Aliyejua ni mkewe tu, Mbuke. Kila mara alimgusa bega kabla ya kusema naye. Alisimama mbele yake ili aone midomo.

"Baba Vumilia, waambie watu," alimsihi.

"Mwanajeshi gani kiziwi? Na wewe usimwambie mtu, hata Vumilia."

Mbuke akanyamaza. Akaendelea kumgusa bega.

Mwezi wa saba, siku ya mnada, binti yao Vumilia alikwenda kuuza vitunguu. Majirani nao walikuwa mnadani. Mbuke akaenda kuokota kuni nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu. Walilichimba, wakaliacha bila kulifukia. Nyasi zilikuwa zimeficha mdomo wake. Ukingo ukabomoka, Mbuke akatumbukia.

Aliita. Aliita mchana kutwa. Hatua hamsini kutoka hapo, Maganga alikuwa amelipa shimo mgongo, anakata viazi, akidhani mkewe naye amekwenda mnadani.

Jioni Vumilia alisikia sauti ya mama yake tangu barabarani. Alitupa kikapu, akakimbia. Watu walileta kamba wakamtoa Mbuke, lakini alikuwa ameumia vibaya. Alikata roho kabla hajafika hospitali.

Vumilia alimkabili baba yake. "Baba, alikuwa anakuita!"

"Sikusikia, mwanangu."

"Hukusikia? Mimi nimesikia tangu barabarani! Wewe ulikuwa hapa hapa!"

Maganga aliyaona maneno yale yote midomoni mwake.

Tangu msiba ule, Vumilia alimwekea baba chakula akaondoka. Hakumwamkia tena. Mtoto asimwamkie baba yake! Kila asubuhi Maganga aliitazama ile midomo, akingoja. Ilibaki imefungwa. Hilo lilimuuma kuliko chochote.

Mwezi wa tisa alifika Sostenes kutoka Nyasubi, mjini Kahama, kuhani msiba. Sostenes na Maganga walitumika kwenye mzinga mmoja. Siku hizi aliwasaidia wanajeshi wastaafu kuandika madai yao. Aliingia uani kwa nyuma.

"Koplo Maganga!"

Kimya. Sostenes akazunguka mbele, akaziba mdomo kwa kofia yake.

"Pole kwa msiba, ndugu yangu."

Maganga aliona kofia ikitikisika. "Marahaba," akajibu.

Sostenes hakucheka. Alimgeukia Vumilia. "Mwanangu, baba yako ni kiziwi. Tangu lini?"

"Kiziwi?" Vumilia aliingia ndani, akarudi na karatasi ya zamani kutoka sandukuni. "Soma hapa, baba mkubwa. Masikio mazima. Jeshi limedanganya?"

"Jeshi halikudanganya." Sostenes aliisogeza karatasi mbele ya macho ya Maganga, akasema polepole. "Afande, ulifanyaje?"

Maganga alitazama chini. Aibu ilimchoma. Kisha akainua mkono na kuonyesha kidole kinavyobonyeza.

"Nilitazama kidole," alisema. "Mbuke peke yake ndiye aliyejua."

Vumilia akaichukua ile karatasi, akaisoma upya.

"Wengi tulifanya hivyo," Sostenes alisema, akaonyesha kifaa kidogo nyuma ya sikio lake. "Mimi nilijitokeza mapema kidogo. Madai yanawezekana, ila yanataka ushahidi. Kwanza, upimwe upya na daktari wa masikio. Safari hii umpe mgongo mpimaji! Pili, nyaraka za utumishi, zinazoonyesha ulikuwa kikosi cha mizinga. Tatu, shahidi uliyetumika naye. Huyo ni mimi."

"Na ile karatasi?" Maganga aliuliza.

"Andika ukweli kwamba uliwahadaa. Usipoandika, itakupinga daima. Watakuuliza pia kwa nini umechelewa. Waambie uliogopa. Na kila karatasi unayopeleka, baki na nakala yake."

Kisha akamtazama Vumilia. "Nne, mtu wa nyumbani aeleze uziwi huu unavyoonekana. Atoe mfano mmoja, na tarehe yake. Huyo ni wewe, mwanangu."

Vumilia akaikunja karatasi, akairudisha sandukuni.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali. Maganga alikaa akitazama ukuta. Mpimaji alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Mikono ya Maganga ilitulia mapajani. Vumilia alisimama mlangoni, akaiona mikono ile isivyoinuka. Machozi yalimtoka.

Daktari aliwaambia ukweli. Dawa ya kurudisha masikio yale haipo. Kifaa cha kusaidia kusikia kingefaa, na kingefaa zaidi kama angekuja miaka ile.

Siku ya kufunga bahasha, Vumilia aliweka karatasi yake mezani akatoka nje. Maganga aliisoma.

"Mimi ni binti yake. Tarehe kumi na nne mwezi wa saba, mama yangu alitumbukia shimoni, hatua hamsini kutoka alipokaa baba. Aliita mchana kutwa. Mimi nilimsikia nikiwa barabarani. Baba hakusikia. Angesikia, angekwenda."

Aliyarudia maneno mawili ya mwisho mpaka macho yakashindwa.

Majibu yalichukua miezi mingi. Bodi ya madaktari ilimwita, ikampima tena, ikamhoji mpaka akatokwa jasho. Mara moja walirudisha faili kwa sababu sahihi moja ilikosekana. Sostenes alitoa nakala, wakapeleka upya. Mwishowe barua ilikuja: uziwi wake ulitokana na utumishi. Angelipwa fidia ya ulemavu, na angepewa kifaa. Wakati huo Vumilia na majirani walikwisha kulifukia lile duara.

Kiangazi kilirudi. Asubuhi ya kwanza ya kifaa, Maganga alikaa palepale uani. Alisikia kuku. Alisikia kisu kikipita kwenye kiazi, akashangaa kwamba kiazi nacho kina sauti.

Ghafla, kutoka nyuma yake, kutoka kule lilikokuwa duara, sauti ikamfikia.

"Shikamoo, baba!"

Hatua hamsini, naye amempa mgongo. Alisikia kila herufi.

Kisu kilimponyoka. Binti yake amemwamkia! Furaha ilimjaa kifuani. Papo hapo likamjia na jambo jingine: hivi ndivyo sauti ya Mbuke ingemfikia, kama angesema ukweli miaka ile.

"Marahaba, mwanangu," alijibu.

Vumilia alikuja, akamgusa bega kama mama yake alivyokuwa akifanya. Maganga akalia, na safari hii alikisikia kilio chake.