Shingo ya Bluu

Dada yangu alinituma dukani kumchukulia dawa yake ya pumu, ile ya kupuliza mdomoni. Jua lilikuwa linazama. Dawa nilishaipata, iko mfukoni, na nyumbani si mbali. Lakini njiani kuna darasa letu la uchoraji, na taa ilikuwa inawaka. Nikajiambia, napita mara moja tu. Mimi na mara moja zangu!

Mwalimu alikuwa peke yake, anafuta brashi kwa kitambaa. Picha ya dada ilikuwa palepale kwenye stendi, rangi zake za mafuta bado mbichi. Kila nilipomchora alitoka mtamu, utadhani picha ya kadi ya harusi.

"Unamremba," alisema Mwalimu. "Dada yako unamhisi vipi? Paka hicho."

"Nampenda."

"Haya, paka."

Nilichukua kisu cha rangi, kile butu cha kupakia. Nilijaribu kupaka upendo, haki ya Mungu nilijaribu. Kilichokuja ni usiku nisiolala kwa sababu ya kikohozi chake, na safari nilizoziacha, na ile sauti: mdogo wangu, nipe maji, mdogo wangu, fungua dirisha. Mkono ukachota bluu nikamkandika shingoni. Nikaongeza kijani. Shingo ikavimba, mdomo ukapinda, na kwa mara ya kwanza picha ikawa hai.

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi sana.

Kisha nikasikia...

Hiiii... hiiii...

Mluzi mwembamba, wa kifua kilichobana. Nilidhani ni bawaba za mlango. Halafu harufu ya tapentaini ya kusafishia brashi ikamezwa na harufu ya dawa ya kuchua anayojipaka dada kifuani. Rangi ya shingoni ilikuwa inapanda na kushuka.

"Mwalimu..."

Hakugeuka. Alinong'ona, "Nyumbani yuko na nani?"

"Peke yake."

"Rangi ingali mbichi. Kwangua."

Nilikwangua kwa mikono miwili. Bluu ikanidondokea viatuni. Mluzi ukakatika.

Kimya.

Sikujua ni kimya cha aina gani. Nilitoka mbio, kisu bado mkononi.

Dada alikuwa ameketi kitandani gizani, anapumua vizuri kabisa. Nikamwekea dawa kiganjani, hakuitazama. Nikawasha taa. Kutoka sikioni hadi begani alikuwa na mchubuko, upana wake ni upana wa kisu changu. Pembeni mwake palimeta rangi ya bluu, mbichi.

"Nisamehe dada, dukani palikuwa na foleni..."

"Usinirembee," alisema taratibu.

Neno lile la Mwalimu sikuwahi kulileta nyumbani.

"Nilikusikia ukinikwangua, mdogo wangu. Asante." Akajifunika shuka hadi kidevuni. "Ila kabla ya hapo niliuona uso wako. Ulikuwa unafurahi."

Nilitaka kubisha. Badala yake nikamfungulia dirisha.

Pumu haijamrudia tangu jioni ile. Picha nimeigeuzia ukutani, na kila nikiigusa imekauka kote, isipokuwa shingoni. Mwalimu haniulizi, nami simuulizi.

Lakini dada bado huniita usiku. "Mdogo wangu, nipe maji." Naruka kitandani upesi, nakimbilia mtungi, niwahi kabla sijahisi chochote.