Kitabu cha Harufu

Marehemu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye bomba, mikono juu ya magoti, kama fundi aliyepumzika kidogo kabla ya kuendelea na kazi. Hakuwa na hata mchubuko. Kumzunguka, nzi walilala chali, wamekufa wote.

Inspekta alisimama mlangoni mwa chumba cha valvu, akavuta pumzi. Mabomba yalivuma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Hakusikia harufu yoyote, na hilo ndilo lililomsisimua mwili. Mama huyu alikuwa amekagua maiti kwa miaka kumi na tisa, lakini chumba kisichonuka chochote kilimtisha.

"Daktari anasema alikosa hewa," askari wake alinong'ona. "Gesi ilivuja kwenye kiungo, ikajaa ndani. Lakini afande, gesi si hunuka yai viza? Mbona hakukimbia?"

"Gesi yenyewe hainuki. Hunuka kwa dawa wanayoitia hapahapa, ili ikivuja watu wajue."

Tangi la dawa hiyo lilikuwa nyuma ya kituo cha gesi. Inspekta akagonga geji kwa kidole. Mshale ulilala kwenye sifuri. Kutoka hapo gesi iliteremka bondeni, ikaingia majiko mia nne. Akaamuru valvu kuu ifungwe papo hapo, nyumba zote zikaguliwe, kisha akaomba kitabu cha kituo.

Kengele ya gesi ilikuwa mbovu, hivyo kituo kilitegemea pua ya mtu. Kila asubuhi msimamizi hufungua kibomba, hunusa, huandika. Wiki tatu mfululizo ameandika: "Harufu ipo."

Msimamizi huyo aliitwa Mzee Pua, kwa sababu enzi zake aliigundua gesi kabla ya mashine. Marehemu, aliyefanya kazi naye hapo, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake.

"Pole kwa msiba, mzee."

"Nimeshapoa, afande."

"Jana ulinusa?"

"Nilinusa. Ilikuwepo."

"Kali?"

"Ya kawaida tu."

Inspekta alikuwa amefuta kwa kitambaa mabaki ya dawa kwenye mdomo wa tangi. Akakitoa mfukoni, akakiweka mezani. Askari alikohoa, machozi yakamtoka. Mzee Pua alimtazama kwa huruma.

"Ana mafua, maskini?"

"Njia ya mwongo ni fupi, mzee. Husikii harufu tangu lini?"

"Mimi? Muulize yeyote hapa!"

"Nyumbani kwa dada yako kuna waombolezaji wangapi?"

"Uani kumejaa."

"Wanapikiwa kwa moto wa nini?"

Mzee aliruka wima. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Funga valvu, afande! Dada yangu yuko jikoni!"

"Imeshafungwa. Keti, useme."

Akaketi, akalia bila kuficha uso.

"Ni ile homa ya mwaka jana. Nimebakiza miezi miwili nistaafu. Mzee Pua asiye na pua, si wangenicheka mpaka kaburini? Nikaandika tu, nikidhani dawa ipo. Leo nimemkuta vile, nikaitazama geji, nikajua nimemuua. Nikanyamaza. Aibu, afande. Aibu tu."

Akakichukua kitambaa kwa mikono miwili, akazika uso ndani yake, akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena.

"Inanukaje?" aliuliza.

Inspekta alikuwa ameziba pua yake kwa kiganja.

"Ingemtoa mbio, mzee," alisema.