Mama Alisubiri Nimuoshe, Mimi Niko Kisiwani Nacheza

Nina miaka thelathini na mbili, ni Mtanzania, mzaliwa wa Ngara, na ni karani katika ofisi moja ya Kacyiru, hapa Kigali. Sina mume, sina mtoto. Nilikuwa na mama... Sasa na huyo sina, na namna nilivyomkosa ndiyo iliyonifanya nishike simu niwaandikie, maana nikiendelea kukaa nayo kifuani itaniua!

Msinionee huruma mapema. Sikilizeni kwanza.

Mama yangu alikatwa titi miaka ya nyuma, kwa ugonjwa ambao sina haja ya kuutaja. Aliyemuuguza ni mimi. Aliyemsafisha kidonda ni mimi. Kaka yangu Hamisi alijua tu kwamba mama alifanyiwa upasuaji, na mkewe, wifi yangu, hakujua hata hilo. Mama alikuwa mwanamke wa haya, jamani! Alijaza kitambaa upande mmoja, akajifunga kanga zake vizuri, akaenda sokoni na arusini, na hakuna jirani aliyewahi kuhisi kitu.

Likizo moja akavuta sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa furushi. Ndani mlikuwa na sanda, karafuu maiti, udi na sabuni mpya. Akaniambia, "Nikifa, unioshe wewe. Usimwache mtu mwingine auone mwili huu. Nisitiri, mwanangu."

Niliapa. Kwetu Waislamu mwanamke huoshwa na wanawake wenzake, na binti ana haki kuliko mtu mwingine yeyote. Mazishi nayo hayacheleweshwi. Akasema furushi nikae nalo mimi Kigali, kwa kuwa likibaki pale wifi yangu angelifungua siku hiyohiyo. Nikacheka. Nikamwambia, mama nawe, utatuzika sisi wote! Kumbe...

Hapa Kigali nilikuwa napanga nyumba moja na Zulfa, huko Kicukiro. Zulfa ni Mtanzania mwenzangu, na alikuwa rafiki wa damu. Idi mbili alikuja nyumbani Ngara, akala sahani moja na mama, na mama akawa anamwita mwanangu wa pili. Namba ya Hamisi alikuwa nayo, ya wifi alikuwa nayo. Kwa kifupi alikuwa mtu wa kwetu.

Mwenye wazo la safari alikuwa Claudine, rafiki yetu Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, mwanamke wa vituko. Alitujia na habari za mashua ya bei chee Ziwa Kivu, twende tulale kisiwani kwenye mahema. "Iko rahisi sana," alisema, "kwa nini mnakaa Kigali kama watawa?" Tukacheka, tukakubali, tukawa watu sita pamoja na wenzake wa kazini.

Nilimpigia mama kumuaga. Alikuwa na homa kidogo, akasema ni mafua tu. Nikamuuliza kama niahirishe. Akanikemea! Nenda upunge upepo, alisema, umekonda, utaniletea hao samaki wa Kivu. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, habari za samaki.

Cha bei chee nacho kina mambo yake. Mashua ilitushusha kisiwani Jumamosi mchana ikageuza, irudi kutuchukua kesho yake jioni. Umeme hakuna. Mtandao hakuna, isipokuwa ukipanda jiwe moja kubwa juu kilimani, na hapo napo ni kubahatisha. Simu yangu ilizima kabla ya alasiri, kwa kuwa nilipiga picha kila kijiti na kila ndege. Zulfa peke yake ndiye aliyekuwa na kile kichaji cha kubeba.

Jioni tukawasha moto, tukachoma samaki, Claudine akatufundisha kucheza kinyarwanda, mikono juu kama pembe za ng'ombe. Wallahi nilicheza! Zulfa akawa ananirekodi huku anacheka, akaiweka ile video kwenye status yake ikagoma kwenda. Giza lilipoingia akapanda jiweni kutafuta mtandao.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza ana nini, akasema moshi wa kuni. Akanikumbatia, akanishika kwa nguvu kabisa, nami nikamtania kwamba kisiwa kimemlewesha. Usiku ule alilala kanikumbatia, na mimi mjinga nikajiona tajiri wa rafiki!

Asubuhi tulisikia kuimba ziwani. Walikuwa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wanarudi nchi kavu na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja. Wakapita karibu kabisa na kisiwa. Nikaingia majini hadi magotini na beseni mkononi, wakanijazia samaki, wakanitania kwa Kinyarwanda, nikawajibu vibaya wakacheka. Mmoja akaniuliza kama naenda mjini nipande. Nikasema hapana, sisi bado tupo tupo.

Zulfa alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia. Alijua. Akanyamaza!

Kutwa nzima ile tuliogelea, tukala, tukalala kivulini. Mashua ikaja jioni, tukapanda gari kurudi Kigali. Cha kunishangaza, tulipofika Kicukiro hakuna aliyeaga. Claudine, ambaye kwake ni Gatsata, upande mwingine kabisa wa mji, akabeba begi langu. Wote watano wakanifuata hadi mlangoni kama wanamsindikiza bibi harusi. Nikaona viatu vingi nje. Ndani wamekaa majirani, na mama mwenye nyumba akaja akanishika mikono, akasema, "Ihangane, mwanangu, ihangane."

Aliyekaa Rwanda miezi miwili tu anajua neno hilo, vumilia, huambiwa mfiwa. Nikamgeukia Zulfa nikamuuliza ni nani. Akasema mama. Nikamuuliza lini.

"Jana magharibi."

Jana magharibi! Mimi nikiwa nimenyoosha mikono juu kama pembe za ng'ombe! Nilimuuliza kama wamezika, akainamisha kichwa. Sikumbuki nilivyoanguka. Niliambiwa baadaye kwamba nilikuwa nalia neno moja tu, nani kamuosha, nani kamuosha, na watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Alfajiri nilikuwa stendi ya Nyabugogo, kwenye basi la Rusumo mpakani. Furushi la mama nilikuwa nimelipakata. Lilikuwa la kazi gani tena? Hata sijui, nilishindwa tu kuliacha.

Nyumbani niliwakuta kwenye mkeka. Wanawake waliponiona wakaacha kulia... wakageuza nyuso! Hamisi akatoka nje, akasimama mlangoni, akanionyesha simu ya mkewe. Ilikuwa ile video. Kumbe Zulfa alipofika jiweni na mtandao ukakubali, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Simu ya Hamisi iliingia, ya kumwambia mama amefariki, nipewe habari nirudi. Na ile status iliyokuwa imegoma ikaenda. Kwa hiyo Ngara waliiona wakati mama ameshalazwa, amefunikwa shuka.

Hata hilo lingeelezeka. Lakini Zulfa alimwambia kaka yangu, "Tumeshamwambia." Hamisi akaomba aongee nami. Akajibiwa kwamba nalia, siwezi kuongea, tuko njiani tunakuja. Basi wakanisubiri! Mazishi yalikuwa ya adhuhuri, wakayasogeza hadi alasiri kwa ajili yangu. Mama yangu alikaa anasubiri, na mimi nimesimama majini na beseni la sambaza nawachekea wavuvi.

Sheikh akasema maiti hasubirishwi zaidi ya hapo. Wifi yangu akaingia kumuosha, yeye na majirani wawili.

Na waliyoyaona hawakuyazika. Muoshaji anatakiwa afunge mdomo, hiyo ni amana, lakini wapi! Siku ya pili nilipoenda kuchota maji nilisikia kwa masikio yangu, kisimani, wanaelezana titi gani lilikuwa halipo na kovu lilivyokuwa. Kumbe alikuwa anajaza matambara, mmoja alisema. Wakacheka kidogo. Mwanamke aliyejisitiri miaka yote ile, leo anachekwa kisimani! Nikaacha ndoo palepale.

Nilimweleza Hamisi kwamba sikujua. Nikaapa, nikapiga magoti. Akasema, "Ulichagua ngoma. Kaburi lile pale, nenda mwenyewe."

Niliporudi Kigali nilimkabili Zulfa. Hakukataa, alilia sana. Alisema kwao na kwetu habari ya msiba haipigiwi mtu kelele akiwa ugenini, huambiwa mtu akiwa amefika, amekalishwa, ana watu wa kumshika. Alisema aliogopa ningejitupa ziwani usiku ule, ndiyo maana akawaambia wenzetu na majirani kwa siri. Alimwambia Hamisi niko njiani ili wasipate wasiwasi. Nikamuuliza, na asubuhi? Wale wavuvi je? Akasema, nilikuona umefurahi, nikakuonea huruma.

Huruma! Adui yangu angenifanyia nini zaidi ya hapo?

Alimpigia Hamisi mbele yangu, akakiri yote huku analia. Kaka yangu akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Amekufundisha vizuri." Akakata. Tangu hapo namba yangu kaizuia, na Idi iliyopita nilifika hadi mlangoni nikaambiwa hayupo, ilhali viatu vyake naviona. Zulfa alihama. Claudine huniletea chakula, hukaa kidogo, huondoka. Mimi naenda kazini Kacyiru, narudi, nalala.

Ndugu zangu mnaosoma haya, nawasihi. Desturi ya kumficha mtu msiba ni nzuri kwa mtu ambaye yuko nyumbani na wafu wake. Sisi wa ugenini tuambieni! Tuambieni hata kama ni usiku, hata kama tuko katikati ya maji, tulie wenyewe na tutafute mtumbwi wenyewe. Na usiseme "tumeshamwambia" kwa niaba ya mtu ambaye hujamwambia. Neno hilo limeniua, na bado natembea.

Nanyi mnaosafiri, mkiona simu inakaribia kuzima, acheni kupiga picha.

Furushi bado liko chini ya kitanda changu. Walimkafini kwa sanda ya dukani, hii aliyoichagua mwenyewe ikabaki. Sina binti wa kumwachia wala wa kumuomba aniahidi. Jana niliifungua nikaipima mwilini mwangu... inanitosha.