Tundu la Kiwikoni

Fundi cherehani aliziba tundu ambalo mwandishi alilipenda kuliko kitu chochote nyumbani mwake. Aliliziba kwa mapenzi, na aliliziba vizuri mno. Hilo ndilo lililowatenganisha.

Walijuana sokoni, kwenye mitumba, watu wakisukumana kila upande. Kila mmoja alikuwa ameshika ncha ya kitambaa kile kile cha rangi ya fedha, na hakuna aliyetaka kuachia. Fundi alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, maana alijishonea mwenyewe, na utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake kama mkufu. Mwandishi alivaa fulana yenye picha ya roketi. Ilikuwa imefuliwa hadi roketi imetoweka, umebaki moshi.

"Kaka, achia. Hiki ni cha bibi harusi."

"Samahani dada, mimi ndiye niliyekiona kwanza."

"Unakitakia nini?"

"Vazi la mtu wa sayari nyingine."

Fundi akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Na huko kwao wanavaa mapazia?"

"Wanavaa kinachong'aa. Jua lao liko karibu sana."

"Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyewatunga."

Fundi akacheka hadi kitambaa kikamtoka mkononi. Muuzaji akawaambia wanunue au wapishe wenye haja. Wakakinunua, wakakigawa kwa mkasi wa fundi, na kesho yake mwandishi akapeleka nusu yake dukani kwa yule yule fundi. Mtu aliyeweza kutunga sayari nzima hakuweza kutunga uzi kwenye sindano.

Kutunga ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliandika hadithi za anga katika gazeti la kila wiki, na makala juu ya filamu za zamani ambazo watu wengi walikwisha kuzisahau. Chumba chake kilijaa kanda, mabango yaliyokunjika pembe, na vyombo vya anga vya plastiki alivyovigundisha mwenyewe. Jumamosi alikutana na wapenzi wenzake wa mambo hayo katika ukumbi wa maktaba. Mwenyekiti wao alikuwa daktari wa meno aliyewajua roboti wa filamu za kale kuliko wagonjwa wake. Walibishana juu ya kila kitu, lakini sheria moja haikubishiwa: mwisho wa filamu hausimuliwi kwa mtu ambaye hajaiona.

Fundi hakuwahi kuona filamu hata moja kati ya hizo. Ila alipenda kusikiliza. Mwandishi alikaa kwenye kiti cha wateja, akasimulia, na cherehani ikanguruma. Hata shangazi yake fundi, mwenye duka, aliyepiga pasi huko nyuma na kujifanya hasikii, wakati mwingine aliuliza, "Halafu yule mwenye antena akawaje?"

Wakiwa mbali walipigiana simu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe Bwana Roketi, uko duniani au umesharuka?"

"Niko duniani nakukumbuka."

"Maneno hayo mwambie mhariri wako, ndiye anayekulipa. Mimi nimalizie ile ya yule baba aliyeachwa kituoni angani. Mlango umeanza kufunga, mwenzake yuko nje. Ikawaje?"

"Hiyo utaiona mwenyewe. Tutaionyesha kwenye mkutano wetu mkubwa."

"Mapenzi gani haya ya kukatwa katikati?"

"Mwisho hausimuliwi, kipenzi."

"Haya. Siku nikikukatia suruali mguu mmoja usinilaumu."

Filamu hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya mwandishi. Kwa miaka aliandikia watu wa mbali, hadi akapata koti lililovaliwa na mwigizaji mkuu. Lilikuwa koti la kijivu, la sufu nzito, limepauka mabegani, na kiwiko cha kushoto kilichanika. Makoti ya namna ile yalishonwa mengi. Lililochanika lilikuwa moja tu, lile linaloonekana mwishoni. Kwenye mkutano angekuja mgeni, mzee aliyetumia maisha yake kukagua vitu vya filamu, alilinganishe tundu na picha, aseme ndilo. Mwandishi alikuwa na kitabu kizima juu ya koti hilo, kimekamilika, na mchapishaji alingoja neno la yule mzee tu.

Basi akampelekea fundi koti. "Nishonee mfuko mzuri wa kulitunzia, mpenzi. Hili ndilo lile koti."

Hakusema zaidi. Tundu lilikuwa sehemu ya mwisho wa filamu, na mwisho hausimuliwi.

Fundi akashona mfuko. Kisha akalitazama koti la mtu anayempenda, ambalo angelipeleka mbele ya wageni likiwa limetoboka kiwiko. Akavuta nyuzi za sufu kutoka ndani ya pindo, akazifuma moja moja, juu na chini, hadi macho yakamuuma. Alipomaliza, hata shangazi alipapasa kiwiko akakosa pa kuanzia.

Mwandishi alipolitoa mfukoni dukani, uso ulimbadilika rangi.

"Tundu liko wapi?"

"Litafute," fundi akasema, akitabasamu.

"Nimekuuliza tundu liko wapi?"

"Nimeliziba. Mimi nilifundishwa usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Nani alikuambia uguse? Umeniua, unajua? Ningempa mtu mwenye akili. Wewe kazi yako viraka, kaa na viraka vyako, haya mambo ya watu waliosoma hayakuhusu."

Duka lilikuwa na wateja. Bibi harusi mmoja alikuwa amesimama juu ya stuli, amejaa pini. Fundi akaweka sindano chini taratibu.

"Chukua koti lako, kaka."

Neno hilo la kaka lilimchoma mwandishi kuliko tusi, lakini alikuwa na hasira, akatoka. Bibi harusi naye akashuka kwenye stuli. Akasema fundi anayegusa vitu vya watu bila ruhusa hamwachii gauni lake, akaenda kwingine.

Simu za mwandishi hazikupokelewa. Mwishowe alipokea shangazi. "Mwanangu yupo, anashona viraka. Wewe ulisoma, soma hapo." Akakata.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika watu waliovaa mavazi ya sayari za kila aina. Mgeni akakiinamia kile kiwiko na kioo chake cha kukuzia, akaligeuza koti nje ndani, akalirudisha.

"Koti zuri," akasema. "Silo."

"Ndilo, mzee. Lilichanika, likazibwa."

"Hakuna mtu anayeziba hivi. Hili halijapata kuchanika."

Taa zikazimwa, filamu ikaanza. Kiti cha pembeni mwa mwandishi kilikuwa kitupu, alikuwa amemwekea fundi kwa fulana yake ya roketi. Ilipofika pale penye mlango, yule baba akarudi kumfuata mwenzake, chuma kikamkamata kiwiko, sufu ikachanika. Wageni waliokuwa hawajaiona wakashika midomo. Mwandishi akawatazama wao, hakutazama filamu. Akawaza kwamba fundi naye angeshika mdomo hivyo. Angejuaje? Yeye mwenyewe ndiye aliyemficha habari hiyo. Kisha akamtukana kwa kutojua.

Hakusubiri watu wapige makofi. Alikwenda dukani moja kwa moja, koti mkononi. Palikuwa na watu wakingoja nguo zao, na mmoja wa wenzake wa maktaba, amechelewa mkutano akingoja suruali yake.

"Naomba tuzungumze pembeni," mwandishi akasema.

"Pembeni pa nini?" fundi akajibu bila kuinua macho. "Uliyasema mbele ya watu. Yafute mbele ya watu."

Mwandishi akawageukia wateja. "Nilisema kazi yako viraka. Nilisema haya mambo hayakuhusu. Nilikosa. Asiye na akili ni mimi, nimekupa kitu nikakuficha habari yake." Akamgeukia fundi. "Yule baba anarudi. Mlango unafunga, anarudi kumchukua mwenzake, na kiwiko kinachanika kwenye chuma. Anamvuta ndani. Ndio mwisho."

"Aisee, mimi sijaiona," yule wa maktaba akalalamika.

Fundi akazima cherehani. "Kwa hiyo lile tundu..."

"Ndipo aliporudi."

Fundi akapapasa kiwiko cha koti. "Ungeniambia, nisingeligusa hata kwa kidole. Naweza kufumua."

"Usifumue. Ukifumua litakuwa tundu lako, si lake."

"Sasa umekuja kutaka nini?"

Mwandishi akaanza kulikunja koti. Shangazi akaweka pasi kando. "Baba, maliza. Mwisho wa filamu tumeusikia. Wa kwako ukoje?"

"Nataka kumwoa. Akinikubali."

"Anayeolewa si shangazi, niulize mimi," fundi akasema.

"Utanikubali?"

"Ngoja nimalize pindo hili." Akalimaliza, bila haraka, na mwandishi akasimama akingoja na wateja wengine. Kisha akakata uzi kwa meno. "Nakubali. Lakini laazizi, siku nyingine ukipandisha sauti humu ndani, nitakushonea mdomo na hutaona mshono."

Walioana, na wanaishi vizuri. Ila gharama ilikuwepo. Kitabu cha koti hakikuchapishwa. Wenzake wa maktaba walimfukuza kwa kusimulia mwisho mbele ya mtu ambaye hajaiona, na daktari wa meno hamsalimii tena. Bibi harusi hakurudi, wala ndugu zake waliokuwa wakishona pale. Koti linavaliwa siku za baridi kama koti jingine lolote. Na fundi hashoni kitu cha mumewe, hata kifungo cha shati, kabla ya kumuuliza. Mume kamwambia mara nyingi ashone tu. Yeye bado anauliza.