Mawe Meupe ya Kiwanja cha Kampuni

Enzi za Mwingereza, kampuni moja ya kutafuta mafuta ilikuwa na kiwanja chake cha helikopta mjini Lindi, duara la mawe yaliyopakwa chokaa. Helikopta ilipotua mara ya kwanza, nusu ya mji ilikuwa pale. Upepo ukapeperusha sinia la vitumbua la Romana, likampiga mgongoni kijana wa kaptura ya khaki aliyekuwa akiongoza rubani kwa mikono.

"Wewe! Vitumbua vyangu!"

"Bibie, hivi sikuvipa ruhusa ya kutua."

Kijana huyo ni Klementi. Kesho yake akaja kula vitumbua, na kesho kutwa. Romana akahamishia benchi lake la chai langoni mwa kiwanja. Kila akifika, gauni la maua na kanga kiunoni, Klementi aliinua mikono miwili juu: tua. Romana naye alipishanisha yake kifuani: usitue! Kisha akamimina chai, sukari tele.

Halafu kiwanja kikafungwa. Kampuni ikahamia Mtwara, tajiri mmoja akapanunua pale ajenge maduka.

"Na wewe?" Romana akauliza.

"Nitaona."

Jibu hilo halikumridhisha Romana. Fundi wa kampuni hiyohiyo alimwahidi rafiki yake Veronika ndoa, akapanda meli na viatu vyake vyote.

Kisha mawe yaliyoachwa na kampuni yakaanza kupungua. Jioni moja Romana akamfuata Klementi na toroli lake, mpaka kwa Biasha, mjane mwenye uwanja mkubwa, anayenukia udi hata akifagia. Mawe yalikuwa yamepangwa msingi wa nyumba. Biasha anacheka, kanga mpya.

Asubuhi Klementi akaonja chai.

"Mpenzi, haina sukari."

"Kaombe unakopeleka mawe."

Klementi akainywa hivyohivyo. Angekana, ingekuwa afadhali.

"Basi," Romana akasema. "Jumamosi narudi Mtama kwa mjomba."

Jumamosi Romana akapita na mzigo kichwani. Biasha alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba. Unaondoka hujaliona jiko lako?"

"Jiko gani?"

Klementi akatokea, matope hadi kwenye viwiko. "Langoni panajengwa duka, Romana. Benchi lako lingekwenda wapi? Bi Biasha ametupa pembe hii ya uwanja wake. Tajiri naye aliitaka."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Wanywa chai wako ni makarani wa tajiri! Kwako mtu akikohoa, sokoni wanampa pole."

"Na Mtwara?"

"Nimewaambia siendi."

"Nani shahidi?"

"Mimi," Biasha akasema. "Nilimwambia aende, mshahara mzuri. Kichwa kigumu."

Romana bado hakuamini sawasawa. Akausukuma msingi kwa kidole cha mguu, chokaa ikamganda. Akaufuata kwa macho. Ulipita jiko, ukaendelea.

"Na hiki chumba cha nani?"

Klementi akatazama chini. "Cha wawili. Mjomba wako akikubali."

Romana akatua mzigo. Akapishanisha mikono kifuani.

Klementi akaganda palepale. Biasha akageuka kufukuza kuku ambao hawakuwapo.

"Zunguka kwanza," Romana akasema. "Nikutazame."

Klementi akauzunguka msingi taratibu, kama mtu aliyepagawa, majirani wakichungulia. Alipofika tena mbele, mikono ya Romana ilikuwa juu, yote miwili.