Namba Iliyotambaa

Kila siku baada ya masomo, wanafunzi wa klabu ya kompyuta walifagia chumba na kupangusa vumbi kwenye skrini, ndipo wakakaa. Msichana mmoja wa darasa la saba alikuwa wa kwanza kukaa na wa kwanza kuinuka. Wenzake walimwita Chapuchapu, naye akalichukulia jina hilo kuwa sifa.

Mwalimu alikuwa amempa kazi ya kutengeneza ukurasa wa maktaba ya shule kwenye kompyuta. Siku ya wazazi, namba ya vitabu vilivyosomwa ilitakiwa kupanda kutoka sifuri hadi mia nane na arobaini kwa sekunde tatu. Akishindwa, kazi ingepewa mwingine, na mama yake alikwisha kuomba ruhusa kazini ili aje kuiona.

Chapuchapu aliandika programu ya kupandisha namba hiyo kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, nyumbani, kwenye kompyuta ya kaka yake. Aliiagiza mashine iongeze tano kila skrini inapojichora upya. Namba ilipanda vizuri, akafunga kazi.

"Umeijaribu kwenye mashine ya hapa?" mwalimu alimuuliza siku iliyofuata.

"Ndiyo, mwalimu. Iko sawa."

Alisema uongo huo bila hata kumeza mate. Mwalimu akawasha kompyuta kuukuu ya shule, akafungua ukurasa. Namba ikaanza kutambaa. Sekunde tatu zilipokwisha, ndiyo kwanza ilikuwa mia tatu.

"Hiyo itafika wazazi wakishalala," jirani wa Chapuchapu alinong'ona, na wenzake wakaangua kicheko.

"Labda mashine inaumwa," Chapuchapu alisema.

"Mashine ni mzee tu, haiumwi," mwalimu alisema. "Uliijaribu hapa lini?"

Chapuchapu aliinamia kibodi. Aliona aibu, tena aliogopa mama yake asije akafunga safari ya bure. "Sikuijaribu, mwalimu. Nimekudanganya. Naomba unisamehe."

Mwalimu hakufoka. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Skrini ya kaka yako hujichora mara sitini kwa sekunde. Hii, mara ishirini. Wewe umehesabu hatua, na kila mashine ina hatua zake. Uliza saa ya kompyuta. Muda uliopita ni sehemu gani ya sekunde tatu? Onyesha sehemu hiyohiyo ya vitabu."

"Kwa hiyo ikipita sekunde moja na nusu, iwe mia nne na ishirini?"

"Hapo umenena."

Chapuchapu akafuta, akaandika upya, akakosea mara mbili. Alipomaliza, aliijaribu kwenye mashine zote kumi na moja. Ile kuukuu iliruka namba nyingi njiani, lakini ilifika kwa wakati kama nyingine.

"Mama aje?" aliuliza.

"Aje. Kosa la hesabu hata mimi hulifanya, na lako umeshalifuta. Ila ukiniambia umejaribu jambo, kwa sasa nitakwenda kuangalia mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Ya kuaminiwa tena ni ndefu, nawe umeanza kuitembea leo."